Kunadi kwa hesabu: mwongozo wa mnada wa briji kwa aliyekulia kwenye arubastini

Anayetoka kwenye karata za arubastini na kuingia kwenye karata za briji huwa hana shida na kucheza. Turufu anaijua, kufuata aina anakujua, na kukumbuka karata zilizokwisha kuanguka ni kazi aliyoianza utotoni, kwenye vibaraza vya Dar es Salaam, Kariakoo, Ilala au Temeke. Kinachomtoa jasho ni mnada. Hakuna karata iliyoanguka bado, kila mtu ameshika zake 13, na tayari anatakiwa aahidi yeye na mwenzake watakula mizunguko mingapi. Akiahidi kidogo, zawadi ya gemu, yaani ahadi yenye thamani ya pointi 100 au zaidi, inampita. Akiahidi kingi, anatozwa faini. Kwenye meza ninazokaa, Upanga na Mikocheni, pointi nyingi zinapotelea hapo, na hilo linaniuma kwa sababu ni sehemu ya mchezo inayofundishika kuliko zote.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye kanuni anazijua: wachezaji wanne, wawili wawili, kila dau linaahidi mizunguko sita na idadi iliyotajwa juu yake, kwa hiyo kopa mbili ni ahadi ya mizunguko minane. Kutoka chini kwenda juu aina ni pau, uru, kopa, shupaza, na juu ya zote ni bila turufu. Karata kubwa nitaziita ree, mfalme, malkia na jeki; kwenye mifano nitaandika A, K, Q na J.

Hatua ya kwanza: hesabu, halafu uutazame mkono wenyewe

Ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Pakiti nzima ina pointi 40, kwa hiyo mkono wa kawaida una 10. Hesabu hii ilienezwa Marekani na Milton Work, kisha Charles Goren akaifanya kuwa lugha ya kila meza. Nyinyi wawili mkifikisha 25 hivi, gemu la kopa, shupaza au bila turufu lina nafasi nzuri. Slamu ndogo, yaani mizunguko 12, inataka kama 33.

Lakini pointi ni mwanzo tu. Tazama mikono hii miwili:

Shupaza A K 9 8 4, kopa 6, uru A J 10 5, pau 7 4 2.

Shupaza Q J 4, kopa Q J 3, uru K Q 2, pau J 7 5 2.

Yote ina pointi 12. Wa kwanza ninaufungua, yaani ninataja dau la kwanza, bila kufikiri mara mbili. Wa pili ninapita. Kwenye ule wa kwanza pointi zimekaa kwenye ree na wafalme, tena ndani ya aina ndefu ambako zinasaidiana. Wa pili umejaa malkia na majeki, hauna ree hata moja, na hauna aina ndefu ya kujengea kitu.

Kuna kipimo chepesi kwa mikono ya mpakani: chukua pointi zako, ongeza idadi ya karata za aina zako mbili ndefu kuliko nyingine. Ikifika 20, fungua. Mkono wa kwanza unatoa 12 na 5 na 4, jumla 21. Wa pili unatoa 12 na 4 na 3, jumla 19. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya macho yako, lakini kinamzuia mtu kufungua mkono mbovu kwa sababu tu amechoka kupita.

Hatua ya pili: mkipatana aina, anza hesabu upya

Hapa ndipo wanaojifunza wanapoacha pointi nyingi zaidi mezani. Wanahesabu mara moja tu, karata zinapogawiwa, kisha wanaibeba namba ileile hadi mwisho wa mnada. Thamani ya mkono inabadilika kila mwenzako anapozungumza.

Mkipata turufu nane au zaidi baina yenu, hesabu mizunguko mtakayopoteza badala ya pointi. Njia yake ni hii. Katika kila aina tazama karata zako tatu za juu tu. Ukikosa ree, hiyo ni hasara moja. Ukikosa mfalme, moja. Ukikosa malkia, moja. Karata ikiwa moja peke yake, hasara haiwezi kuzidi moja. Zikiwa mbili, haziwezi kuzidi mbili. Usiposhika kabisa aina hiyo, hakuna hasara. Jumlisha zako na za mwenzako, kisha toa kwenye 24. Kinachobaki ni mizunguko mnayoweza kutarajia kula.

Turudi kwenye mkono wetu wa kwanza. Shupaza imekosa malkia: hasara moja. Kopa ni karata moja ndogo: moja. Uru imekosa mfalme na malkia: mbili. Pau haina kitu: tatu. Jumla saba. Sasa umefungua shupaza moja, na mwenzako ameshika hivi:

Shupaza Q 10 6 3, kopa A 9 5 2, uru K 8 6 2, pau 8.

Shupaza hasara mbili, kopa mbili, uru mbili, pau moja. Saba tena. Saba na saba ni 14, ukitoa kwenye 24 inabaki 10. Mizunguko 10 ni shupaza nne, gemu kamili. Pointi zenu ni 12 na 9, yaani 21, na anayetegemea pointi peke yake angeishia shupaza mbili au tatu. Ukizilaza karata hizo mezani utaona hesabu haikudanganya: pau unapoteza moja na nyingine unazikata kwa turufu, kopa ya pekee inafunikwa na ree, na uru huenda ukapoteza moja tu.

Kinyume chake kipo pia. Mwenzako akitaja aina ambayo wewe una karata moja tu, na wewe ukitaja ambayo yeye hana, punguza. Pointi 25 zisizopatana mara nyingi hazizai gemu. Hapo ni kusimama mapema, na atakayewahi kupita ndiye anayeokoa pesa.

Hatua ya tatu: jiulize nani anajua zaidi

Hili ndilo jambo ninalolirudia kila Jumapili, na kama msomaji ataondoka na kimoja tu, ningependa kiwe hiki. Kila dau ni taarifa kwa mwenzako. Ukishatoa taarifa iliyobana, yeye anakujua wewe kuliko wewe unavyomjua yeye. Tangu hapo mwamuzi ni yeye.

Mfano rahisi ni ufunguzi wa bila turufu moja, ambao kwa wengi ni ahadi ya pointi 15 hadi 17 na mkono uliosawazika, usio na aina fupi mno. Aliyefungua ameshasema kila kitu. Mwenzake mwenye pointi 10 haulizi, anakwenda bila turufu tatu moja kwa moja, kwa sababu 15 na 10 ni 25 hata mambo yakiwa mabaya kuliko yote. Mwenye 6 anapita, kwa sababu hata 17 na 6 hazifiki. Mwenye 8 au 9 ndiye pekee asiyejua, na yeye anataja bila turufu mbili, ambalo ni swali: uko juu au chini ya ahadi yako? Mwenye 17 anapanda, mwenye 15 anapita. Mwenye 16 anatazama ubora wa karata zake, kama tulivyofanya hatua ya kwanza.

Ugumu unakuja wapinzani wanapoingia na damu kuchemka. Siku moja Upanga kijana alifungua kopa tatu, mpinzani akataja shupaza tatu, mwenza wa kijana, mzee wa makamo, akapita, mpinzani wa pili akataja shupaza nne. Kijana akaruka na kopa tano. Wakapigwa dabo, yaani wapinzani wakapandisha faini, wakaanguka mizunguko mitatu, faini 500. Mzee alikuwa ameshika shupaza nne zenye mfalme, jeki na kumi, na zile shupaza nne za wapinzani zisingepona. Karata zilipokusanywa akamuuliza taratibu:

"Mwanangu, ulipofungua kopa tatu uliniambia nini?"

"Kwamba nina kopa saba na mkono dhaifu, mzee."

"Na ulipotaja kopa tano, uliniambia nini kipya?"

Kijana hakuwa na jibu, maana halikuwepo. Alikuwa amezisema kopa zilezile saba mara ya pili, kwa bei ya juu zaidi. Kabla hujapandisha dau jiulize swali la mzee huyo. Kama una kitu ambacho mwenzako hakijui bado, sema. Kama huna, pita umwachie yeye. Kupita ni dau kamili, na kwenye briji ni dau linalotumika kuliko yote.

Hatua ya nne: ijue bei kabla ya kununua

Mwaka 1925 tajiri wa Marekani Harold Vanderbilt, akiwa safarini melini kupitia mfereji wa Panama, alipanga utaratibu wa pointi ambao ndio msingi wa briji tunayocheza leo. Zawadi ya gemu ikawa ya yule tu aliyeliahidi kwenye mnada, na kukawa na hali ya kuwa hatarini, ambapo zawadi na faini zote zinakua. Maamuzi mengi ya mnada hayaeleweki bila kuzishika namba hizi, kwa hiyo zikae kichwani.

Kila mzunguko juu ya sita ni pointi 20 kwa pau na uru, 30 kwa kopa na shupaza. Bila turufu wa kwanza ni 40, inayofuata 30. Mkataba, yaani dau la mwisho la mnada, ukifikisha 100 ni gemu: zawadi 300, au 500 mkiwa hatarini. Chini ya hapo zawadi ni 50 tu. Kuanguka ni 50 kwa kila mzunguko, au 100 mkiwa hatarini.

Sasa tufanye hesabu ya kweli. Mko kwenye kopa tatu na unajiuliza uende nne. Mkibaki tatu na kula mizunguko 10, mnapata 170. Mkienda nne na kula 10 hizo mkiwa hatarini, mnapata 620. Faida ya kuthubutu ni 450. Mkienda nne mkala 9 tu, mnatozwa 100, wakati mngebaki tatu mngepata 140. Hasara ni 240. Gawa 240 kwa jumla ya hizo mbili, yaani 690, unapata kama 35 kwa 100. Maana yake mkiwa hatarini, gemu linalofaulu mara nne tu katika kila kumi bado linastahili kunadiwa. Msipokuwa hatarini faida ni 250 na hasara ni 190, na mpaka unapanda hadi 43 kwa 100.

Watu wanashangaa nikiwaonyesha hesabu hii, kwa sababu silika ya wengi ni kuogopa zaidi wanapokuwa hatarini. Kwa gemu ni kinyume: hapo ndipo pa kusogea.

Ili utumie mpaka huo unahitaji kuzijua nafasi chache. Kumvizia mfalme mmoja aliye upande usioujua, yaani kucheza malkia wako ukitumaini mfalme amekaa upande unaokufaa, ni 50 kwa 100. Wapinzani wakiwa na karata tano za aina fulani, zitagawanyika tatu kwa mbili mara 68 katika 100. Wakiwa na nne, mbili kwa mbili ni mara 40, tatu kwa moja ni mara 50. Gemu linalotegemea kuvizia kumoja lina nafasi 50, nadi. Likihitaji kuvizia kufanikiwa na pia tatu kwa mbili, ni kama 34, baki chini.

Slamu ndogo ina mizani yake. Kopa sita msipokuwa hatarini inalipa 980. Kopa nne zilizokula mizunguko 12 zinalipa 480. Mkianguka mmoja mnatozwa 50 mahali ambapo mngepata 450. Faida 500, hasara 500: unataka nusu kwa nusu au zaidi. Slamu kubwa ya mizunguko 13, kwa pointi za moja kwa moja, inataka kama theluthi mbili, na mimi huiacha mpaka niweze kuhesabu yote 13.

Kuhusu kuuliza idadi ya ree kwa bila turufu nne, njia ya Easley Blackwood: aulize yule ambaye jibu litamwamulia. Ukiwa na pau 8 na 5 tu, jibu kwamba mwenzako ana ree mbili halikuambii kama wapinzani watakula pau mbili za kwanza. Kama hakuna jibu litakalobadilisha unachotaka kufanya, usiulize.

Hatua ya tano: wapinzani wakiingia, panda hadi idadi ya turufu zenu

Mfaransa Jean-René Vernes aliieleza kanuni hii mwaka 1969, na sijaona nyingine inayomsaidia mgeni haraka kiasi hiki. Pointi zikiwa zimegawanyika karibu sawa kati ya pande mbili, ahidini mizunguko kwa idadi ya turufu mlizonazo. Turufu nane, hadi kiwango cha mbili. Tisa, cha tatu. Kumi, cha nne.

Mwenzako amefungua kopa moja, ambayo kwenu ni ahadi ya kopa tano. Mpinzani ametaja shupaza moja. Una pointi chache na kopa tatu: taja kopa mbili, kisha tulia. Una kopa nne: nenda kopa tatu moja kwa moja. Una kopa tano na karata moja ya aina nyingine: ruka hadi nne. Panda palepale mara moja, usisubiri kusukumwa hatua kwa hatua, maana kila hatua unayowaachia wapinzani ni nafasi yao ya kuambizana walichonacho.

Ukinadi kwa kujitoa mhanga ili wasicheze gemu lao, linganisha faini. Kuanguka baada ya dabo msipokuwa hatarini ni 100, kisha 300, 500, 800. Mkiwa hatarini ni 200, 500, 800, 1100. Shupaza nne zao wakiwa hatarini ni 620, kwa hiyo kuanguka mara tatu kwa 500 ni nafuu. Wasipokuwa hatarini gemu lao ni 420, na kuanguka kulekule mara tatu ni hasara. Nyinyi mkiwa hatarini na wao hawapo, sahau.

Na dabo isipigwe kwa hasira. Shupaza mbili walizopigiwa dabo wakazimaliza zinawapa gemu mliloliandika nyinyi: 470, au 670 wakiwa hatarini. Kwenye mikataba ya chini piga dabo pale tu turufu zao zimewakalia vibaya wao, yaani zipo mkononi mwako na zimekaa nyuma ya mwenye mkataba.

Hatua ya sita: macho na sauti zisiseme kitu

Aliyezoea kukonyezana barazani lazima aiache tabia hiyo mlangoni. Katika briji mwenzako anaruhusiwa kujifunza kutoka kwenye dau lako tu. Kuguna, kusita, kutaja dau kwa mkazo, kuitupa pasi kwa haraka, yote ni taarifa isiyo halali, na mwenzako akiitumia ni kuvunja sheria hata kama hamkupanga. Makubaliano yenu nayo si siri: mpinzani akiuliza dau la mwenzako lina maana gani, unamweleza.

Njia nzuri ya kujizoesha ni kunadi kwa kimya. Nunueni karatasi za manila kwenye duka lolote la vifaa vya shule, mkate kadi ndogo, mziandike madau yote 35 kutoka pau moja hadi bila turufu saba, mwongeze pasi kadhaa, dabo na dabo ya kurudisha. Kila mchezaji seti yake. Dau linawekwa mezani, hakuna anayetamka, na kila mtu anachukua muda unaofanana iwe ana kitu au hana.

Hatua ya saba: fanyeni mazoezi ya mnada peke yake

Mkiwa wawili mnasubiri foleni ya magari pale Morocco ipungue au mvua ikatike, gaweni mikono minne, muweke miwili pembeni, kila mmoja achukue mmoja. Nadini kama wapinzani wanapita, kisha fungueni mikono yote miwili mjadili mlipofika. Msicheze. Kwa nusu saa mtapitia minada mingi kuliko jioni nzima ya mchezo kamili. Mwenye bando anaweza pia kufanya mazoezi kwenye tovuti ya Bridge Base Online, ambako kuna roboti za kunadi nazo, ila mjue roboti ina makubaliano yake ambayo si lazima yafanane na yenu.

Wekeni daftari. Kwa kila mnada uliowatatiza andikeni mlijua nini wakati ule, mliamua nini, na kwa nini. Matokeo yaandikwe mwisho, pembeni. Gemu lenye nafasi 60 litaanguka mara nyingi, na halikuwa kosa. Lenye nafasi 20 litapona siku moja, na bado lilikuwa kosa. Mjadala ufanyike karata zikiwa zimekusanywa, na mdogo aanze kusema, kwa sababu mkubwa akianza, mdogo atasema "ndiyo mzee" na mtakuwa hamjajua alichokuwa akifikiri.

Baada ya jioni chache daftari litawaonyesha ugomvi unajirudia wapi. Mara nyingi ni pale kila mmoja alipokuwa na maana yake kwa dau lilelile. Hapo tengenezeni ukurasa mmoja wa makubaliano, na mjaze kwanza haya: bila turufu moja ni pointi ngapi, kopa au shupaza moja inaahidi karata nne au tano, dabo kwenye dau la kwanza la mpinzani inamwomba mwenzako ataje aina au inamtaka apite, kupandisha aina ya mwenzako kwa kuruka ni mkono wenye nguvu au turufu nyingi tu, bila turufu nne inauliza ree lini, na lini ni mwaliko. Ukurasa ukijaa, chezeni nao mwezi mzima kabla ya kuongeza mstari mwingine.